Mafuta ya Mama Kwenye Breki

Siku mama aliposema, "Jumamosi nitashuka Subukia," niliangusha trei nzima ya mayai. Sitanii. Mimi huuzia hoteli za mjini mayai, na nilikuwa nayo mikononi naipeleka kwa gari, ile sentensi ikanipata mlangoni. Mayai yakatapakaa kwa simiti, kuku wa jirani wakaja mbio kula ndugu zao, na mimi hata sikukasirika. Na mimi ni mtu wa kukasirika. Hapa kwetu Kaptembwo, Nakuru, watu wa ploti wananijua, nikianza kufoka kila mtu anaingia kwake na kufunga mlango.

"Umesema nini?"

"Umesikia. Usinifanye nirudie, naweza kubadilisha."

Sikuuliza tena. Niliokota maganda nikiimba.

Ngoja nieleze, maana mtu asiyejua habari ya mamangu na ule mteremko ataniona mwehu. Mama alizaliwa kule chini Subukia, na mamake, ambaye sote tunamwita Shosho, anaishi huko mpaka leo. Kutoka Nakuru si mbali. Unapanda Bahati, barabara inakufikisha juu kabisa, halafu ghafla ardhi inakatika, bonde lote linafunguka mbele yako, na unaanza kushuka kona baada ya kona. Zamani, mama akiwa msichana, alipanda lori la kabeji kwenda nyumbani, na hapo kwenye mteremko breki zikapotea. Dereva alikanyaga, hakuna kitu. Alikuwa mtu wa akili, akaligongesha lori kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima badala ya kuliacha liende upande wa bonde. Hakuna aliyekufa. Ni kabeji tu zilizoendelea na safari. Lakini mama alimalizia kwa miguu mpaka kwao, na siku ya kurudi akaupanda mlima wote kwa miguu mpaka Bahati, ndipo akakubali gari. Akaapa hatapita hapo tena ndani ya kitu chenye magurudumu.

Na akakishika kiapo. Wakati huo haikuwa shida, kwa sababu Shosho alikuwa na miguu yake. Yeye ndiye alikuwa anapanda kuja Nakuru kutuona, na ndizi zake na maneno yake mengi. Halafu magoti yakakataa. Sasa Shosho hatoki nje bila kushikwa, na macho yamefifia. Kwa hivyo miaka imepita mama na mamake wakisikizana kwa simu tu, na simu ya Shosho mnajua ilivyo. Hata ukimpigia ya video, anaiweka sikioni, wewe unabaki kuangalia nywele.

Basi mwezi huo Shosho akatuma habari kwa watoto wake wote kwamba anataka kubariki. Kwetu mzee akiona siku zake zimekaribia ukingoni, anawaita watoto, anaonja asali, anatema mate kidogo kwenye viganja vyake na kuwashika navyo kichwani, na maneno anayosema hapo hakuna wa kuyafuta. Baraka hiyo ina masharti yake. Hutolewa kabla jua halijazama. Na anayeanza ni kifungua mimba, asipokuwepo huyo, hakuna wa pili wala wa mwisho. Kifungua mimba wa Shosho ni mamangu.

Wajomba na mama wadogo wakaanza kupiga simu. Walibembeleza, walitisha, walilia. Mjomba mmoja akapendekeza Shosho ambariki mama kwa simu, iwekwe spika. Shosho akajibu, "Mate hayapiti kwa simu." Mjadala ukaishia hapo.

Nilimwona mama akikonda. Chakula anakigusa na kukiacha. Alijua vizuri kwamba asiposhuka, mamake anaweza kwenda bila kumshika mkono, na nyumba nzima itabaki bila baraka, na kila harusi na kila matanga watu watakuwa wanamwangalia yeye. Lakini ukimtajia ule mteremko, mikono inaanza kutetemeka. Ndiyo sababu nasema sikujali mayai.

Sasa, mama ni mtu wa mafuta. Kanisani kwao watu hubeba vichupa vya mafuta ya zeituni, mchungaji anayaombea, kila mtu anarudi na yake nyumbani. Mama anapaka milango. Anapaka wajukuu kwenye paji la uso, anapaka kalamu za mtihani, na simu ikikataa kushika mtandao anaipaka pia. Nimewahi kukuta msalaba wa mafuta kwenye mtungi wa gesi. Mimi sichekelei imani yake, maombi ya huyu mama yamenitoa mbali. Lakini kuna siku natamani angeniuliza kwanza.

Wiki hiyo yote nilikuwa nalitayarisha gari. Nilibadilisha matairi ya mbele, nikakaza hiki, nikasafisha kile, na Alhamisi nikafungua boneti na kuongeza breki fluidi kidogo kwenye kikopo chake. Mama akaja akasimama kando yangu.

"Hiyo ni ya nini?"

"Hii ndiyo inafanya breki ishike, mama. Ukikanyaga, inasukumwa kwa mapaipu mpaka magurudumu yote."

"Yaani breki zinaanzia hapo?"

"Hapo hapo."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi mzuri. Nilifurahi sana. Nilidhani nimempunguzia woga, kumbe nimemwonyesha mlango.

Jumamosi asubuhi niliamka na moyo unaruka. Jua lilikuwa linatoka, nimevaa rinda langu zuri, nimepakia sukari na unga na sufuria ya Shosho. Nikafungua boneti kuangalia maji, kama ninavyofanya kila safari. Macho yakaenda kwa kile kikopo. Kifuniko kilikuwa kinateleza. Ndani, kiwango kilikuwa kimepita ule mstari wa mwisho, na kulikuwa na rangi mbili. Chini ni fluidi yangu, rangi ya chai hafifu. Juu yake kumetulia kitu kizito cha kijani kijani, kinang'aa. Nikachovya kidole, nikanusa. Harufu ya mikono ya mama akitoka kuombea mtu.

Woi! Damu ilinipanda mpaka masikioni. "Nani ameshika gari langu?"

Milango ya ploti ikaanza kufungwa, pa, pa, pa.

Mama akatoka nje. Amevaa lile gauni lake la bluu la sherehe, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, viatu vinametameta. "Ni mimi," akasema. "Niliamka mapema nikaliombea. Nimepaka magurudumu, nimepaka usukani, nimepaka viti. Halafu nikajiuliza, yule shetani wa Subukia hakunishika kwa usukani, alinishika kwa breki. Basi nikaenda kwa breki zenyewe. Nimezimwagia chupa yote, ashindwe kabisa!"

Na akatabasamu. Sijui nielezeje hilo tabasamu. Mikono ilikuwa imetulia. Akaniambia, "Unajua nini? Sasa siogopi."

Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari na maneno yalikuwa yamejipanga. Niliyameza yote. Mtu ambaye hajawahi kuwa na hasira kama yangu hawezi kujua hiyo kazi. Nilijua kwamba nikimwambia mafuta yake yameharibu breki, hatapanda hilo gari, wala lingine lolote, leo wala siku nyingine. Na nilijua pia kwamba nikinyamaza na kuondoka hivyo, tutashuka ule mteremko na sumu kwenye breki.

"Umefanya vizuri, mama," nikasema. "Kwani… uliingia ndani ukakanyaga chochote? Kwa mguu?"

"Nikanyage nini? Mimi nilipaka tu."

Mungu ni mwema. "Basi ingia ndani unywe chai kwanza. Bado mapema."

Nikakimbia nyuma ya nyumba na simu. Fundi wangu ni mtu wa Bondeni, mtaa wa hapa mjini, babu yake aliletwa Nakuru na reli kutoka Pwani na hakurudi. Ana Kiswahili kilichonyooka na mdomo ambao haujui kunong'ona. Mkono wake ni mzuri sana, na atakuambia hivyo yeye mwenyewe kabla hujauliza.

"Mafuta gani?" akafoka kwenye simu.

"Ya zeituni."

"Ya kupikia?"

"Ya kuombea."

Nikasikia spana ikianguka upande wake. "Umekanyaga?"

"Hapana."

"Usikanyage! Usiwashe, usisukume, hata kwa kidole gumba usiiguse hiyo pedeli! Nakuja na boda. Na ujue una bahati ya kumpata mtu kama mimi Jumamosi."

Alifika na mfuko wa spana begani, chupa mpya za breki fluidi mkononi, na maneno. Nikamvuta kando. Nikamweleza habari ya mteremko, ya Shosho, ya baraka na jua. "Kwa hivyo tafadhali, akiuliza, sema ni sevisi tu."

"Nimuongopee mtu mzima asubuhi hii, tena sijanywa hata chai?"

"Basi nyamaza."

"Hilo naweza," akasema, na hakuweza. Aliinama kwenye boneti na kuanza kunisomesha kwa sauti ya mnadani. "Tazama! Mafuta yameelea juu, hayachanganyiki. Hapo ndipo salama yako. Ungekanyaga mara kadhaa yangevutwa yashuke kwenye mapaipu, na mle ndani mna raba. Raba za breki haziwezi mafuta ya namna hii. Zinavimba kama andazi karaini. Leo breki ingeshika, kesho ingeng'ang'ania, na ukifika mteremkoni ndipo ingekukana!"

"Fundi, sauti!"

"Sauti yangu ina nini?"

Nikamletea sindano kubwa, ile ninayotumia kuwapa kuku wangu dawa, nzima na safi. Akaanza kuyavuta yale mafuta juu juu, taratibu, akiyamimina kwenye chupa ya maji iliyokuwa tupu. Ulimi wake ulitoka nje kidogo kando ya mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu afike alikuwa kimya, na hapo ndipo mama akatokea amebeba kikombe chake cha chai.

"Karibu chai, baba." Halafu akaona chupa. Aliitazama, akamtazama fundi, akanitazama. "Hayo si mafuta yangu?"

Fundi akaangalia mawingu.

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, kwamba yamejaa sana, kwamba anapunguza tu. Lakini mama alikuwa ananitazama machoni, na alinizaa yeye. "Mama," nikasema, "breki haitaki mafuta. Yanaua raba. Tungeenda hivyo, zingepotea njiani."

Aliweka kikombe chini. Akaketi kwenye jiwe la kufulia na gauni lake la bluu.

"Kwa hivyo ningetumaliza kwa mkono wangu," akasema. "Siku ile angalau ilikuwa lori la watu. Leo ningekuwa mimi." Akafungua kitambaa cha kichwa. "Mpigie Shosho simu. Mwambie siji."

"Sitapiga!"

"Piga."

"Nimesema sitapiga!" Sasa ilinitoka yote, ile niliyoimeza na nyingine ya miaka. Sijawahi kumpigia mama kelele, lakini siku hiyo nilipiga. "Shosho amevalishwa tangu alfajiri anakungoja! Asali iko kwa kijiko! Sasa nimwambie nini, kwamba mtoto wake ameshindwa na barabara? Mimi nataka ufike, mama! Sitaki nikuone ukizeeka hapa na simu sikioni ukimlilia mtu ambaye yuko hapo chini tu!" Nilikuwa nalia, na nilikuwa nimekasirika kwa sababu nilikuwa nalia.

Fundi akajikohoza.

"Bi mkubwa," akasema, na safari hii aliisema kwa upole, "mtagombana mbele ya safari. Mimi sasa hivi nahitaji mguu."

"Mguu gani?"

"Wa kukanyaga pedeli. Hiki kikopo nakitoa, nakiosha, nakikausha, natia fluidi mpya. Kisha nafungua gurudumu moja moja nitoe yote ya zamani na hewa yake, tuone kama kuna tone la mafuta lililoshuka. Mimi nitakuwa chini gurudumuni. Binti yako atakuwa hapa mbele anajaza, maana kikopo kikikauka hewa inaingia na tunaanza upya. Sasa nani akanyage?"

"Ita jirani."

"Majirani wamejifungia. Wamemsikia binti yako."

Mama alitaka kucheka, akajizuia. Alikaa tu pale huku fundi akiosha kikopo, akikipangusa, akikirudisha na kukijaza. Nilimwona akitazama ule mlango wa dereva kama mtu anayetazama mbwa wa watu. Fundi alipopiga jeki nyuma na kulala chini kwenye gunia, mama akainuka. Akavua viatu vyake vya sherehe, akavipanga vizuri kando ya jiwe, akaingia kwenye kiti cha dereva. Maisha yake yote hakuwahi kukalia kiti hicho.

"Ni ipi?"

"Ya katikati, mama."

"Nikisema kanyaga, kanyaga," fundi akaita kutoka chini. "Nikisema shikilia, usiachilie hata nyoka akipita. Nikisema achilia, achilia polepole. Haya! Kanyaga! Achilia. Kanyaga! Achilia. Kanyaga! Shikilia!"

Akafungua skrubu ndogo nyuma ya gurudumu, na pedeli ikazama. Mama akapiga yowe lililofika mpaka barabarani. "Imeingia! Imeenda! Hivi ndivyo yule dereva alisema siku ile!"

"Shikilia!" fundi akanguruma. "Imeingia kwa sababu mimi nimefungua! Ni mimi, si shetani! Shikilia hapo hapo!"

Akashikilia. Nilimwona mguu wake mtupu umekaza, shingo imetoka mishipa, macho amefumba, midomo inaomba. Fluidi chafu ikatoka kwenye paipu ndogo ikaingia kwenye chupa inayoonyesha ndani. Fundi akafunga. "Achilia." Akaachilia. "Tena!"

Tukaenda hivyo. Kanyaga, shikilia, achilia. Mimi najaza, fundi anafungua na kufunga, mama anakanyaga. Gurudumu la nyuma la kushoto, la nyuma la kulia, tukaja mbele. Gurudumu la pili mama alikuwa amefungua macho. La tatu alianza kumsahihisha fundi: "Hujasema achilia, mimi bado nimeshika!" Majirani walikuwa wamerudi mmoja mmoja na kusimama ukutani, na kila pedeli ikikaza walishangilia. Haki, sijawahi kuona ploti yetu na furaha kama hiyo, hata siku stima iliporudi.

Fundi akaiweka ile chupa ya fluidi chafu juu ya ukuta palipo na jua. "Sasa tungoje. Kama mafuta yalishuka, yataelea juu, mtaona mstari."

Tukangoja. Simu yangu ilikuwa inalia, wajomba wanauliza tuko wapi, na sikuishika. Mama ndiye aliyesogea karibu, akainama, macho kwenye chupa, pua karibu iguse. Akaizunguka.

"Sioni mstari."

"Tazama vizuri, bi mkubwa."

"Nimetazama! Hakuna mstari! Ni rangi moja tupu!"

Nami nikatazama, na ilikuwa rangi moja juu mpaka chini. Fundi akajipiga kifua. "Nilisema nini? Mmempata nani?"

Akamrudisha mama ndani na kumwambia akanyage mara moja ya mwisho, kwa nguvu zote. Mama akakanyaga. Pedeli ikashuka kidogo ikasimama. Akakanyaga kwa miguu miwili. Haikuenda popote. "Imekataa," akasema. Akainua uso kunitazama. "Imekataa kuingia!"

"Hiyo ndiyo breki, mama."

"Kumbe ndivyo inavyokuwa." Aliendelea kuikanyaga na kucheka, na machozi yanamtoka, na sikumharakisha.

Yale mafuta yake fundi alikuwa ameyaweka pembeni. Hakutaka kuyamwaga. "Yameombewa haya. Dini yangu nyingine, lakini sitaki maneno." Mama akaichukua chupa na kuifunika. "Hayana makosa," akasema. "Ni mimi niliyeyapeleka kazi isiyo yao." Akaingia nayo ndani, akatoka na kitambaa kimefungwa upya.

Fundi alizunguka na gari mtaani, akipiga breki za ghafla mpaka vumbi likatufunika sote, akarudi, akatambaa chini kukagua kila gurudumu kama kuna panapovuja. Kisha akamfungulia mama mlango. "Nenda, bi mkubwa. Ukipata baraka nyingi unikumbuke."

Jua lilikuwa limeshapita utosi tulipoupita mji wa Maili Sita, njia ya kupanda Bahati. Niliendesha na roho mkononi. Bahati yote mama aliangalia mbele tu. Tulipofika juu, pale bonde linapofunguka, akasema, "Simamisha."

Nikasimamisha. Akashuka. Nikajua basi, anataka kutembea, na kwa miguu jua litatushinda. Alisimama ukingoni, upepo unavuta gauni, akatazama chini kwenye mashamba na mabati yanayong'aa kwa mbali. Alitazama muda mrefu. Akarudi, akafunga mkanda, akauvuta kuhakikisha.

"Shuka. Lakini usiniongeleshe."

Nikaweka gia ndogo nikaanza. Kona ya kwanza alishika mlango kwa mikono miwili. Kona ya pili nikasikia sauti ndogo. "Kanyaga." Nikakanyaga. "Shikilia." Nikashikilia. "Achilia." Nilidhani anaomba, kumbe mamangu ananiendesha! Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu pamoja na wangu. "Kanyaga! Si unaona lori? Shikilia! Haya, achilia polepole." Tulifika mahali, akageuza shingo kuutazama ukingo mmoja wenye nyasi ndefu. "Ni hapa," akasema. Nikakanyaga hata kabla hajaniambia, gari likatulia, likatii, tukapita.

"Imeshika," akasema mama.

"Imeshika, mama."

"Imeshika! Haleluya, imeshika!" Akaanza kupiga makofi kwenye dashibodi. Nami nikapiga honi. Nilipiga honi kona zote zilizobaki mpaka watu wa mashamba wakasimama na majembe yao kututazama, na mama anawapungia kama rais. Tulifika chini tumepoteza sauti.

Kwa Shosho walikuwa wamekaa nje, wajomba, mama wadogo, binamu, wote wamegeukia njia. Hakuna aliyeuliza kwa nini tumechelewa. Jua lilikuwa bado lipo, chini kidogo, lakini lipo. Shosho alikuwa kwenye kiti chini ya upenu, na kijiko cha asali mkononi kweli. Mama alitembea mpaka kwake, akapiga magoti kwenye nyasi, akainamisha kichwa kungoja baraka. Nyuma yake wajomba wakapanga mstari haraka haraka.

Shosho akampa mtu kijiko. Hakumshika mama kichwani. Alimwinua kidevu, akampapasa uso mzima kwa vidole, paji, nyusi, pua, masikio, akarudia. Akayapata makunyanzi kando ya macho, akayafuata moja moja.

"Umezeeka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nimeanza kukusahau uso. Nikifunga macho nakuona ukiwa msichana tu."

Mjomba mmoja akatazama jua. "Mama, baraka. Muda unaenda."

"Baraka nilishawapa zamani, kila siku nikiamka," Shosho akasema, na vidole bado viko kwenye uso wa mama. "Huyu ningemwambia nimemkumbuka, angenitumia tu blanketi, asije. Ndiyo nikasema baraka."

Mamangu, ambaye ana ombi la kila kitu, safari hii hakuomba kitu. Aliweka kichwa kwenye mapaja ya mamake. Mjomba akauliza kwa sauti ya chini, sasa sisi tufanye nini.

"Nendeni mkale," Shosho akasema. "Huyu sijamaliza kumwona."